Nijiweke wazi kazini au niendelee kunyamaza?

kivuli_cha_ofisi:
Habarini wakuu. Mimi ni mwanamke, napenda wanawake, naishi na mwenzangu na familia zote mbili zinajua. Kazini ndo hakuna anayejua. Sio kwamba nataka kutangaza mkutanoni, hapana, ila nimechoka kuchuja maneno. Jumatatu mtu ananiuliza wikendi ilikuaje, kabla sijajibu nishaanza kupiga hesabu niseme "nilienda" au "tulienda", simu ikiita naifunika haraka wasione picha, na mwenzangu nilimtambulisha kama binamu, sasa kuna dada kitengo chetu anamuulizia binamu kila mara eti kashapata mchumba? anataka kumuunganishia kaka yake 😂. Nacheka ila inachosha. Halafu kuna nafasi ya usimamizi inakuja. Nikisema sasa naogopa wataninyima, nikisema baadae wataona nilikuwa nawadanganya. Waliopitia hii mlifanyaje?

ngoja_kwanza:
Kabla ya yote upo nchi gani? Usitaje hapa, jijibu mwenyewe. Afrika Kusini sheria ya usawa kazini ya 1998 inakulinda kwa maandishi, Uingereza ipo ya 2010. Uganda ni habari nyingine kabisa, ile sheria ya kupinga ushoga ya 2023 ilipotoka ilimlazimisha hata anayekujua akuripoti polisi, Mahakama ya Katiba ikakifuta hicho kipengele Aprili 2024 ila sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Sehemu kama hiyo unayemwambia unamtwisha mzigo na yeye. Na usidhani sheria ya kazi na ya jinai zinatembea pamoja, Botswana walikataza kumfukuza mtu kwa sababu hii tangu 2010 wakati mapenzi yenyewe yalikuwa bado kosa mpaka mahakama ilipoamua 2019.

mzee_wa_stoo:
Kazi ni kazi bana, mambo ya chumbani yabaki chumbani. Mbona mimi siwaambii watu nalala na nani

rehani:
@mzee_wa_stoo una picha ya mkeo mezani? Basi ushawaambia.

Mleta mada pole na binamu. Mimi nilianza na mtu mmoja tu, na sikumchagua kwa ucheshi, nilimchagua kwa sababu nilikaa muda mrefu nikisikiliza anavyowasema watu wasiokuwepo. Mwenzetu mmoja aliachika, huyo niliyemchagua alijua kila kitu na hakuna siku katoa neno. Nilivyomwambia nikamwambia pia nani mwingine anajua (hakuna) na nani asijue. Hili watu wanalisahau, siri nyingi hazitolewi na maadui, zinatolewa na mtu mwema anayedhani wote wanajua. Na angalia makaratasi, fomu ya bima ukiandika jina la mwenza anaisoma nani? Sera ya kampuni inataja mwelekeo wa kimapenzi pamoja na dini na kabila, au inasema tu "tunaheshimu wote"? Hiyo ya pili ukipata shida haikusaidii kitu.

kivuli_cha_ofisi:
Sera inataja, nimeenda kuisoma sasa hivi. Fomu anasoma dada wa mishahara, na huyo ndo redio ya ofisi 🙆🏾‍♀️

ngoja_kwanza:
Basi kaa kimya mpaka barua ya cheo iwe mkononi na imesainiwa. Sheria inalipa ila inachelewa. Marekani kuna jamaa anaitwa Bostock, alijiunga na ligi ya softball ya mashoga, muda si mrefu akafukuzwa kazi 2013, Mahakama ya Juu ikaja kusema mwaka 2020, majaji 6 kwa 3, kwamba kumfukuza mtu kwa ushoga ni kuvunja sheria. Hesabu hiyo miaka. Na msije na Tim Cook, yule alijitangaza 2014 akiwa tayari ndo bosi wa Apple, nani angemnyima cheo?

rehani:
Hapo kwenye barua tunatofautiana kidogo. Akisubiri cheo, akishakuwa msimamizi wale wa chini yake ndo watamuangalia zaidi, na ukiwa bosi hauchagui tena mtu mmoja wa kumwambia. Pia huyo Bostock alienda kucheza mpira tu. Kunyamaza nako hakuna garantii, heri wasikie kwako kuliko wajumlishe wenyewe. Ila kama bosi anayepanga cheo ndo yule anayechekea utani wa mashoga, hapo nakubali subiri.

kivuli_cha_ofisi:
Bosi hachekagi, anabadilisha mada. Sijui niiweke upande gani hiyo.

rehani:
Anabadilisha mada utani ukianza, au hata mtu akitaja habari ya kawaida, mfano wanaume wawili wamefunga ndoa mahali? Kama ni utani tu, huyo anaweza kuwa upande wako. Kama ni vyote, hataki kusikia, mruke. Huyo dada wa binamu je, akiwa na siri yeye anatunza? Maana anakupenda, na yeye ndo utalazimika kumjibu kwanza hata usipotaka.

kivuli_cha_ofisi:
Anatunza. Shida ni kaka yake 😂😂 ngoja nimuombe tutoke lanchi wawili.