Mtaalamu wa ndoa mwenye leseni, Ohio: pa kuanzia

Assalaam alaykum jamaa. Kuna mke na mume wa hapa Columbus, Marekani, suluhu ya wazee kwa simu kutoka Unguja haikusimama. Mume yuko likizo Mkunazini, Unguja, mpaka mwezi ujao. Wanatafuta LMFT, yaani mtaalamu wa ndoa na familia mwenye leseni. Waanzie wapi?

*Wa Makunduchi, Columbus*

---

Waalaykumu ssalaam kaka. Kwa Ohio wasitafute LMFT, hizo ni herufi za California na majimbo mengine. Ohio leseni hiyo huitwa IMFT, ya mtaalamu anayefanya kazi kwa kujitegemea. MFT, wa ngazi ya chini yake, anapotibu maradhi ya akili lazima awe chini ya msimamizi. Jina la mtaalamu waliingize elicense.ohio.gov kabla ya kulipa chochote: leseni iko hai? Kuna adhabu ya bodi ya leseni? Kocha wa ndoa hana bodi hiyo ya kumshitakia.

Suala la mume ndilo zito khasa. Kinachoangaliwa ni mahali alipokaa mteja saa ya kikao, si anwani yake. Leseni ya Ohio haimruhusu mtaalamu kumtibu kwa video mtu aliye Mkunazini. Wachukue miadi ya siku atakayokuwa amerudi. Mke akitangulia peke yake, aulize mapema: atakayoyasema yatakuwa siri, au mume naye ataambiwa?

Na wajue, huyu si kadhi. Hatatamka nani mkosa.

*Wa Chake, Cleveland*

---

Naongeza la bima, kaka. Wapige nambari iliyo nyuma ya kadi, waulize kama msimbo wa bili 90847 unalipiwa: ndicho kikao cha familia, mgonjwa akiwepo. Bima hutaka mtaalamu aandike maradhi anayoyatibu. Ugomvi wa ndoa mtupu huandikwa kwa msimbo Z63.0, na kampuni nyingi hazilipii. Hapo ndipo bili nzima inapowaangukia. Asiye na bima ana haki ya makadirio ya gharama kwa maandishi, tangu 1 Januari 2022. Waulize pia bei ya kupunguziwa kwa kipato.

Mkalimani asiwe mtoto wao, wala shemeji, wala mtu wa msikiti wao. Waombe anayejua Kiswahili cha pwani. Asiyejua eda wala khului (mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari) atafasiri kitu kingine kabisa.

*Wa Wete, Minneapolis*

---

Tafadhalini, kama kuna kipigo au vitisho, wasianze kikao cha pamoja. Anayepigwa akisema kweli mbele ya mwenzake, huja kulipizwa nyumbani. Kwanza apige 1-800-799-7233, simu ya msaada ya Marekani kwa wanaopigwa au kutishwa na wenza wao, wanapokea saa 24, akiwa peke yake, kwa simu ambayo mwenzake haishiki.

*Wa Mkoani, Dayton*