Dadangu mjamzito damu imeshuka 7.6, daktari anataka kumwekea chuma kwa mshipa. Tukubali?

NyarNyalenda:
Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa walio na ujuzi wa hospitali au waliopitia jambo hili.

Mdogo wangu ana mimba ya kwanza, wiki 30. Tuko Kisumu. Tangu aanze kliniki amekuwa akipewa vidonge vya chuma na foliki, lakini akivimeza anatapika, na siku asipotapika tumbo linafunga kabisa. Kwenye kitabu chake cha kliniki kipimo cha kwanza cha damu (hemoglobini) kilikuwa 9.8. Juzi kimetoka 7.6. Akipanda ngazi anasimama ashike ukuta kwanza, moyo unamwenda mbio. Viganja vimepauka, na ukivuta kope ya chini ndani ni peupe.

Daktari amesema vidonge havitawahi, awekewe chuma kwa mshipa. Mama mkwe wake amekataa. Anasema dawa ya mshipa itadhuru mtoto, na kama damu imepungua basi aongezewe damu, au anywe maji ya bitruti na ale mboga mpaka ajifungue. Mumewe yuko kazini Mombasa na anamsikiliza mamake. Je, hii dripu ni salama? Tofauti yake na kuongezewa damu ni ipi?

Wa_Njoro:
Pole sana dada. Mimi niliwekewa hapa Nakuru, si kwa ujauzito, ni kwa hedhi nzito ya faibroidi. Asishtuke akiiona, dawa yenyewe ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilisikia ladha ya chuma mdomoni, jioni kichwa na viungo vikauma, kisha vikaisha. Msitarajie nguvu zirudi siku hiyo hiyo. Zangu zilirudi polepole baada ya wiki kadhaa, lakini zilirudi kweli.

MamaOwuor:
Anakula odowa, yale mawe laini ya udongo?

NyarNyalenda:
Anakula sana. Kila akipita soko la Kibuye lazima anunue, na usiku utamsikia akizitafuna.

MamaOwuor:
Basi hiyo hamu yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma. Na yale mawe yanazuia chuma kuingia mwilini, mbali na minyoo inayoweza kuja na udongo. Mpunguzie kwa upole, usimgombeze. Wengi wetu tulizitamani tukiwa na mimba, na hamu huisha chuma kikirudi.

Mkunga_Magharibi:
NyarNyalenda, nimefanya kazi wodi ya wazazi huku kwetu miaka mingi, kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo.

Kwa mjamzito, damu chini ya 11 ni upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Dadako yuko karibu sana na huo mstari na amebakisha wiki kumi hivi. Kinachonitia hofu ni siku ya kujifungua. Kila mama hupoteza damu akizaa, na mwenye 7.6 hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza na kuamka vizuri inaweza kumwangusha yeye. Kwa hivyo msikae mkisubiri ajifungue.

Chuma cha mshipa hakitolewi miezi mitatu ya kwanza, lakini kuanzia mwezi wa nne kinatumika, na wiki 30 ni wakati mzuri. Woga wa wazee una chanzo: zamani kulikuwa na aina ya chuma cha dekstrani iliyoleta mzio mkali. Aina za sasa ni salama zaidi. Mzio mkali hutokea mara chache sana. Ndiyo maana hutolewa mahali penye dawa za dharura na mtu wa kumwangalia, na baada ya dripu anakaa kama nusu saa kabla ya kwenda nyumbani.

Muulizeni daktari ni aina gani. Feriki kaboksimaltosi inaweza kutolewa hadi miligramu 1000 kwa mara moja, ndani ya dakika 15 hivi. Chuma sukrosi kwa kawaida ni miligramu 200 kila mara, kwa hivyo atarudi mara kadhaa. Nauli na bei zitategemea hapo, na ulizeni mapema kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipia.

Kuongezewa damu ni kwa anayevuja, au aliyeshuka sana hata hawezi kungoja. Painti moja hupandisha kipimo kwa takriban 1 tu, na damu ya mtu ina hatari zake. Bitruti si mbaya, ila chuma chake ni kidogo. Omena (dagaa), maini na osuga (mnavu) vitamsaidia zaidi, na chai asinywe pamoja na chakula. Lakini kwa 7.6 chakula peke yake hakitawahi.

Kabla ya dripu, hakikisheni amepimwa malaria na minyoo. Muulizeni daktari pia kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana huku kwetu iko katika familia nyingi, na damu inayopungua kwa selimundu haitibiwi kwa kumjaza chuma tu. Kipimo cha feritini kikipatikana, kitaonyesha akiba yake ya chuma. Akiwa na homa au maambukizi, yatibiwe kwanza.

Na hili asilisahau: sindano ikianza kuchoma au mkono kuvimba, aseme papo hapo. Dawa ikivujia nje ya mshipa huacha doa la kahawia kwenye ngozi, na linaweza kubaki kwa muda mrefu sana.

Baba_Ahero:
Kuhusu mama mkwe, usishindane naye nyumbani. Mwombe awasindikize kwa daktari, aulize mwenyewe. Mama anayempenda mjukuu wake akielezwa kwa heshima ataelewa. Na mwanawe apigiwe simu wakiwa pale pale, asikie kutoka kwa daktari, si kwa masimulizi.

NyarNyalenda:
Mungu awabariki. Mama mkwe wake amekubali kuja nasi Jumatatu. Malaria imepimwa, hana. Selimundu bado, nitaomba wampime. Je, vidonge aendelee kumeza? Na damu ipimwe tena lini?

Mkunga_Magharibi:
Vidonge vya chuma asimamishe akishawekewa dripu, daktari atamwambia kama atarudia na lini. Foliki waulize kama aendelee nayo peke yake. Kipimo kirudiwe baada ya wiki nne hivi. Lakini akianza kuhema akiwa ameketi, akizirai, au akiona damu yoyote ikitoka, msingoje Jumatatu. Mpelekeni hospitali kubwa usiku huo huo, na kitabu cha kliniki mkononi.