Tupeane uzoefu: utalii umefanya nini kwenye majumba na magofu ya wazee wetu?

Assalaam alaykum wana jamvi. Mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja. Mji uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mtaani kwetu nyumba zimekuwa zikigeuzwa hoteli moja baada ya nyingine. Aliyenunua ya jirani aliweka bafu kila chumba, hadi ghorofa ya juu. Kuta zetu ni za mawe, udongo na chokaa. Maji yakishaingia hayatoki. Akapiga na saruji juu, ukuta ukakosa pa kupumulia. Boriti za mkoko upande wetu zimeoza, ukizigusa zinamung'unyika kidoleni.

Kinachoniuma zaidi ni baraza. Bibi alikuwa akikaa pale baada ya alasiri, sinia la mchele mapajani, kila apitaye anamwamkia. Siku hizi ni kamera usoni bila hodi. Kwanza akahamia ndani, mwishowe tukamhamishia Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Baraza ipo, imepakwa chokaa vizuri, na hapana anayeikalia.

Wenzangu wa Lamu, Kilwa, Kondoa, semeni ya kwenu.

Wa Shela: Waalaykum salaam. Huku Shela, kisiwani Lamu, nyumba zimenunuliwa na watu wanaokuja wiki chache tu kwa mwaka. Zimetengenezwa zikapendeza, sikatai, lakini usiku ukipita hakuna taa. Kijana akitaka kuoa, kiwanja cha kwao hakishikiki kwa bei.

Mwalimu: Mimi wa bara. Nilipeleka wanafunzi Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani. Kundi lililotutangulia lilikuwa na mtu aliyemwaga maji ya chupa mwambani ili wekundu ukolee kwenye picha. Ukakolea kweli, kisha maji yakachuruzika hadi chini. Mwanafunzi wangu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo rangi si itatoka?" Kila maji yanapopita hapo yanaondoka na kitu, na aliyechora hayupo wa kuja kurudishia.

Mtoto wa Malindi: Poleni. Ila wageni wasibebe lawama peke yao. Mlango wa nakshi wa nyumba yetu ya Unguja tuliuuza sisi wenyewe, ndugu wanne tukagawana. Mnunuzi alikuwa akipamba hoteli. Waliubandua asubuhi moja, na mwanya ulioachwa tukauziba kwa matofali na mlango wa bati. Mama mpaka leo anaingilia uani.