Tupeane uzoefu: huduma au mfumo ulioupenda ukazimwa, ulibaki na nini?

Mdau wa Sinza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mpenzi wa teknolojia wa siku nyingi. Kuna jambo linaninyima raha, na naamini wengi humu limeshawakuta. Unanunua simu au kompyuta kwa pesa yako halali, unaizoea, unaweka picha za watoto na namba za watu wote. Siku moja watu walio mbali wanaamua kufunga. Kifaa kinabaki kizima mkononi, kioo hakina hata mkwaruzo, betri inakaa siku nzima, lakini kazi uliyokinunulia hakifanyi tena.

Yaliyonifanya nifungue uzi huu ni mawili.

La kwanza ni Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 iliyofuata nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa (ubongo wa kompyuta) kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache tu. Sasa pita kwenye maduka yetu ya kompyuta za mtumba hapa mjini uone: kizazi cha nne, cha tano, cha sita, zimepangwa hadi darini. Ni mashine nzuri, zinafanya hesabu za maduka na kuandika ripoti za wanafunzi.

La pili linaniuma zaidi, nalo ni Android, mfumo wa simu wa Google. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 programu inayowekwa kwenye simu yenye kibali chao lazima iwe ya mtengenezaji aliyejisajili kwao na kuthibitishwa, hata kama programu yenyewe haikutoka Play Store. Wanaanza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuanzia 2027 nchi nyingine. Baadaye walisema watumiaji wazoefu wataachiwa njia ya kuendelea kwa kukubali hatari. Sababu wanayoitoa ni matapeli, na siipuuzi, maana wote tunawajua watu waliolizwa. Lakini mimi Android niliipendea uwazi wake. Kijana wa chuo anatengeneza programu leo, jioni anaigawa kwa wenzake kwa APK, yaani faili la kuwekea programu, simu kwa simu, bila kutumia hata MB moja. Hicho ndicho ninachoogopa kukipoteza.

Naanza na yangu. Nilikuwa mtu wa Lumia 520, simu ya Nokia yenye mfumo wa Windows Phone wa Microsoft. RAM yake MB 512 tu, lakini ilikuwa inateleza kuliko simu za bei mara mbili yake. Vile vigae kwenye kioo vilikuwa vinageuka vyenyewe, nasoma kichwa cha habari na idadi ya meseji nikiwa nimening'inia kwenye daladala, sijafungua chochote. Aprili 2014 Microsoft wakakamilisha kuinunua biashara ya simu ya Nokia, nasi tukadhani sasa mfumo umepata nguvu. Watengenezaji wa programu wakawa wanauruka tu. Mwisho wa Desemba 2019 WhatsApp nayo ikaondoka kwenye Windows Phone. Hapa Dar taarifa ya msiba, mchango wa harusi na kikao cha kikoba vyote vinapita humo, kwa hiyo sikuwa na namna.

Karibuni. Ulikuwa unatumia nini, kilifungwaje, uliokoa nini, na siku hizi unafanyaje?

Mdau wa Ilala

Mimi BBM, ile huduma ya kutumiana meseji ya BlackBerry. Hadi leo PIN yangu, namba ya kunipata humo, naijua kwa kichwa. Ilipofungwa tarehe 31 Mei 2019 wenzangu walishahama kitambo, nilikuwa nimebaki mimi na dada yangu aliyeko Muscat. Sikuokoa kitu.

Fundi wa Aggrey

Mkuu, mimi nina meza mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na hii kitu ni mkate wangu na ni huzuni yangu. Mteja anafika: "Fundi, simu imekufa, WhatsApp imegoma." Naingia kwenye mipangilio, natazama toleo, Android 4.4. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye matoleo ya chini ya Android 5.0. Sina cha kutengeneza hapo. Kuflashi, yaani kuupakia mfumo upya, hakusaidii, kwa sababu kampuni haikutoa toleo jipya la simu ile. Kumweleza mtu kwamba simu yake haijaharibika ila haitafanya kazi ni kugumu kuliko kubadilisha kioo.

Kuna mama alikuja, ni mtunza hazina wa kikoba. Kila Jumapili alikuwa anapiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwenye grupu lao. Daftari lenyewe lililowa maji ya mvua, kwa hiyo kumbukumbu za mikopo ya wanawake wote wale zilikuwa ndani ya simu ile tu. Nikaichomeka kwenye kompyuta, nikaingia kwenye folda ya WhatsApp, nikanakili folda ya Media yenye picha na folda ya Databases yenye mazungumzo. Nikaziweka kwenye memori kadi, nikazihamishia kwenye folda ya WhatsApp ya simu mpya, ndipo nikasajili namba yake ile ile ya zamani. Ikauliza kama nirudishe mazungumzo. Tulipobonyeza, zikaanza kushuka picha za daftari moja baada ya nyingine, na yule mama anazisoma kwa sauti: huyu amelipa, huyu anadaiwa.

Kwa hiyo wakuu, chukueni hili: bakapu ya WhatsApp ipo pia ndani ya simu yenyewe, si lazima intaneti. Usikubali fundi yeyote afute simu kabla hajainakili folda ile.

Mdau wa Sinza

Asante sana fundi. Hii ya Databases watu wengi hawaijui, wanadhani bakapu isipokuwepo mtandaoni kwenye Google Drive basi imekwisha.

Mdau wa Mbagala

Nina banda la gemu huku Rangi Tatu. Riziki yangu imesimama juu ya PES, gemu ya mpira wa miguu. Septemba 2021 Konami wakaigeuza ikawa eFootball, ya bure na ya mtandaoni. Bure ni kwa mwenye intaneti ya uhakika; banda langu linaenda kwa bando la simu, na vijana wanalipia mechi, hawawezi kukaa wakingoja gemu ipakue marekebisho. Tukabaki na PES ya zamani iliyo kwenye diski ngumu. Kuna kijana anapita kila msimu ukianza, anatutilia jezi mpya za Simba na Yanga, anabadilisha majina mgongoni, anawahamisha waliosajiliwa. Kazi yake ni safi kiasi kwamba siku ya dabi foleni ya banda inafika barabarani.

Hofu yangu ni hizi konsoli, mashine za kuchezea gemu, zinazouzwa bila sehemu ya kuweka diski. Duka lao likifungwa, gemu utaitoa wapi?

Mdau wa Sinza

Hofu yako ina ushahidi, kaka. Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya konsoli zao za 3DS na Wii U Machi 2023, na duka la konsoli ya Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Ulichokwisha kununua waliruhusu kukipakua tena, ila kununua kipya hapana. Google walipoizima Stadia, huduma yao ya kucheza gemu kwa mtandao, Januari 2023 angalau waliwarudishia watu pesa za gemu walizonunua. Kijana wako wa jezi mtunze. Watu wa aina yake ndio wanaofanya kitu kiendelee kuishi baada ya mwenyewe kukiacha.

Mdau wa Tabata

Nauza madera na vitenge mtandaoni. Ukurasa wangu kwenye mtandao mmoja mkubwa ulifungwa asubuhi moja, ukaja ujumbe wa mistari miwili kwamba nimekiuka taratibu, taratibu ipi hawakusema. Niliomba wapitie upya, kimya. Oda zilizolipiwa nilikuwa nazo kwenye meseji za humo humo, sikuweza hata kujua nani anadai nini. Nilichokuwa nacho ni miamala ya pesa kwenye simu: jina, namba na kiasi. Nikapiga namba moja moja. Tangu hapo kila mteja anaandikwa kwenye daftari, jina, namba, mtaa na saizi. Mtandao ni wa kuonyeshea bidhaa tu.

Mwalimu wa Kigamboni

Wanangu, mimi ni mstaafu, naomba niwakumbushe jambo ambalo wengine mlikuwa wadogo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya analojia yalizimwa hapa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na televisheni ya chogo, nzito, tuliibeba watu wawili. Ilizimika kama hizo simu zenu. Lakini kulikuwa na king'amuzi. Nilinunua, nikakichomeka nyuma, na televisheni ile ile ikarudi kuonyesha, tena picha safi zaidi. Walalamikaji walikuwa wengi kwa sababu king'amuzi ni gharama, na si kila mtu alikuwa nayo. Ila njia ilikuwepo. Ninachouliza ni hiki: hawa wa simu na kompyuta wanashindwa nini kuacha king'amuzi?

Swali langu la pili ni la msaada. Picha zangu za wanafunzi ziko Google Photos, niliziweka wakati ule nafasi haikuwa na kikomo, kabla ya Juni 2021. Nataka ziwe kwangu. Nafanyaje?

Mdau wa Sinza

Shikamoo Mwalimu. Umelisema vizuri kuliko mimi nilivyolianza. Hoja yangu nzima ndiyo hiyo: funga ukitaka, kampuni ni yako, lakini acha njia.

Na inawezekana. Saa janja za Pebble zilipokufa 2016 na mali zake kununuliwa na kampuni ya Fitbit, wapenzi wake walianzisha huduma yao wenyewe wakaiita Rebble, saa zikaendelea kupokea hali ya hewa na programu. Januari 2025 Google, ambao ndio waliokuja kuinunua Fitbit, wakauweka wazi msimbo wa mfumo ule ili yeyote autumie. Kama hilo limewezekana kwa saa, hata Lumia yangu ingewezekana. Nililiona hilo nikafurahi, na nikaumia pia.

Mdau wa Mlimani

Shikamoo Mwalimu. Nitakujibu, ila kwanza la Windows 10 kwa faida ya wenzangu wa chuo. Mashine yangu ni Core i5 kizazi cha nne. Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, naandika kwa LibreOffice badala ya Word, inawaka haraka kuliko zamani. Tatizo ni steshenari: ukipeleka kazi kama faili la kuandikia, kwenye kompyuta yao herufi zinabadilika na majedwali yanahama ukurasa. Geuza PDF kabla hujatoka chumbani. Asiyetaka kuhama, Microsoft wameweka mpango wa kuongeza marekebisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, lazima ujisajili.

Sasa Mwalimu, picha zako. Fungua takeout.google.com kwa akaunti yako. Bonyeza pa kuondoa alama zote, kisha weka alama kwenye Google Photos peke yake. Chagua faili za zip za GB 2 kila moja, usichague kubwa, maana umeme ukikatika katikati unaanza upya. Watakutumia barua pepe yenye kiungo, inaweza kuchukua saa kadhaa au siku. Kiungo kinadumu wiki moja hivi, usikiache. Pakua usiku kwa bando la usiku, kisha nakili kwenye diski ngumu mbili, moja akae nayo mtoto wako nyumba nyingine. Ukikwama andika hapa umefika hatua ipi, nitakuwepo.