Mrejesho: usaili ulionitia mashaka

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi hapa Dar es Salaam, ambapo msaili alikwepa mara mbili swali langu la mshahara, kisha akanitaka niache vyeti vyangu halisi na nilipe shilingi 80,000 za mafunzo kabla ya kupewa mkataba. Nawashukuru nyote mlionijibu, hasa mliosisitiza kwamba cheti halisi huonyeshwa na kurudishwa papo hapo.

Nilirudi Jumatatu nikiwa na nakala zilizothibitishwa na wakili, nikaomba kwa heshima nipewe kwa maandishi majukumu, saa za kazi na ujira, kwa kuwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo hayo anapoanza kazi. Msaili alifunga faili langu, akasema wapo wengi wanaoingoja nafasi hiyo.

Pale mapokezi nilimkuta binti mmoja akihesabu noti za shilingi 10,000 juu ya bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Nilimnong'oneza aulize kwanza fedha hizo ni za nini na kama atapewa stakabadhi, naye akazirudisha kwenye pochi. Moyo unaniuma nikiwafikiria waliotangulia kulipa.

Kazi hiyo nimeiacha. Alhamisi nina usaili mwingine, na barua ya mwito imetaja ngazi ya mshahara.