Amemng'oa mtu wangu kichwa, akampa mtoto! Huyu bwana tumvumilie hadi lini?

Langoni_Damu
Nimeingia ndani sasa hivi, mikono yatetemeka, mkiona herufi zimerukwa nisameheni.

Huyo bwana nyote mwamjua. Simtaji. Kutoka Mkomani mpaka Shela hakuna asiyemjua, na kama humjui ngoja tu, atakuja mwenyewe akwambie visanamu vyake vya kuchezea mezani vimetoka Uingereza, vimeshuka uwanja wa Manda, vimevuka kwa boti na havikuguswa hata na tone la maji ya chumvi. Avifunga pamba kimoja kimoja. Bibi harusi wa Lamu hapambwi hivyo!

Basi leo tumekaa dakani, tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kujifanya mashujaa na kupigana na mazimwi, ramani ya miraba iko mezani, dadu tayari, kahawa imekuja. Nikatoa watu wangu wa Lego, wale wa plastiki waungwao pamoja na vitofali vyenye vinundu. Ndiyo, Lego! Niliwanunua mitumbani Kongowea, mfuko mzima, nikawasugua kwa mswaki, nikawaunga upya mmoja mmoja. Shujaa wangu ana upanga, ana ngao, ana kofia ya chuma ambayo niliipekua mpaka chini ya mfuko. Nikamsimamisha kwenye mraba wake. Bwana akamtazama. Akanitazama mimi. Akamnyanyua kwa vidole viwili, AKAMNG'OA KICHWA. Kichwa akatia mfukoni. Kiwiliwili akampa mtoto wa mwenye nyumba: "Shika mwanangu, kachezee huko, hapa pana watu wazima."

Kachezee huko! Mtu niliyemlea mchezoni tangu daraja la kwanza hadi la sita!

Na usiku wenyewe tulikuwa tunapigana na lile zimwi linalogeuza chuma kutu. Likigusa upanga, upanga hauna kazi tena. Wangu mimi upanga ukiliwa nautoa mkononi, abaki mikono mitupu, meza nzima inaona. Cha kwake yeye, kisanamu cha bei ya mbuzi, upanga utaliwa na bado kimeushika vile vile, maana umegandishwa! Sasa nani anacheza mchezo na nani amebeba pambo la kabati?

Kichwa kiko mfukoni mwake mpaka sasa. Mfukoni!

Kahawa_Chungu
Ndevu zote hizo, saa tano ya usiku, unalilia kichwa cha plastiki. Nyumbani wajua kilichokukosesha usingizi?

Langoni_Damu
Kwani angekung'oa wewe kichwa mbele ya watu ungenyamaza? Alikuwa mtu wangu! Hata ruhusa hakuomba!

Dau_la_Matondoni
Huyo bwana mimi namjua tangu zamani. Nilikwenda na vifuniko vya soda, nimevipaka rangi, vyekundu maadui na vyeupe sisi. Akavisukuma kwa kiwiko mpaka chini, akasema hachezi drafti. Nchi nzima hii twacheza drafti kwa vifuniko na hakuna aliyefariki.

Mraba_Mmoja
Mimi nitasimama naye, mnitukane. Kuna vipimo. Visanamu vya mchezo huu ni milimita 28 hadi 32. Mtu wa Lego ana sentimita 4 na kifua cha mchukuzi wa bandarini. Ukimweka karibu na wenzake ni jitu. Halafu mwataka sote tuamini huyo ni mwizi anayejificha nyuma ya pipa?

Langoni_Damu
Vipimo nivijuavyo mimi huyo bwana havijui! Kinundu kimoja cha tofali ni milimita 8. Kitako anachosimamia mtu wangu ni vinundu vitatu kwa vitatu, kila upande milimita 24. Mraba wa inchi ni milimita 25.4. Amekaa ndani ya mraba wake bila kumgusa jirani. Kama ni urefu, aseme "ni mrefu" kwa mdomo. Kichwa ameking'olea nini? Amfupishe?

Tofali_Jekundu
Hahaha, "amfupishe". Tena mwambieni hilo zimwi la kutu analoliogopa asili yake ni kichezeo cha watoto. Gary Gygax, aliyeutunga mchezo huu na Dave Arneson ukatoka 1974, alinunua mfuko wa vijinyama vya plastiki vya bei ya kutupa, vimetengenezwa Hong Kong. Kimoja akakifanya zimwi la kutu, kingine akakifanya yule dubu mwenye kichwa cha bundi. Bwana wetu angekuwepo siku hiyo angegawia watoto mfuko wote na mchezo usingekuwa na mazimwi.

Langoni_Damu
ASANTE! Nimelihifadhi hili. Alhamisi nampelekea.

Kahawa_Chungu
Mpelekee na kichwa cha akiba.

UmmuWatatu
Nyinyi wanaume mwabishana milimita na hakuna aliyeuliza habari za mtoto. Kitu kidogo vile kapewa, kikimkwama kooni je? Wangu alimeza kinundu cha duara, tulikesha nacho. Huyo bwana alaumiwe kwa hilo, na wewe mwenye matofali pia, kwani usiku yabaki sakafuni. Nimekanyaga moja nikielekea kuswali alfajiri, nikaona nyota.

Dau_la_Matondoni
Dada, la kukanyaga usiseme. Heri miba ya samaki.

Langoni_Damu
Ndiyo nasema, hata mtoto hakumjali! Mtoto alimtia mdomoni papo hapo, mtu wangu, bila kichwa, upanga bado mkononi, na watu wanacheka.

Mzee_wa_Ngome
Vijana wa yeo mwalilia vya plastiki. Bao la pale mbele ya ngome lina mashimo 32 na kete 64, na kete haziko 64 tena. Nani anayezichukua? Jana tumejazia kwa kokoto, na kokoto haishikiki ukinamua, ukiitia shimoni yaponyoka. Mimi nimeshindwa mchezo uliokuwa mkononi mwangu kwa ajili ya kokoto.

Mraba_Mmoja
Mzee, kete za komwe ziko kwa yule jamaa wa duka la karibu na soko, lakini azipima kwa gilasi ndogo na kukuibia.

Mzee_wa_Ngome
Huyo! Huyo kaniuzia zilizotoboka. Ukizitikisa zalia ndani.

Langoni_Damu
Jamani, mada ni kichwa. Nani anakaa karibu naye amwambie arudishe?

UmmuWatatu
Na hizo gilasi ndizo hizo hizo azipimia sukari. Nimempigia kelele mwezi jana.

Dau_la_Matondoni
Afadhali yeye. Yule wa boti ya Mokowe leo kanitoza nauli ya mzigo kwa mkoba wa mgongoni. Mkoba! Nimeuvaa!

Kahawa_Chungu
Yule mwenye kofia ya manjano? Mimi kanitoza kwa mkungu wa ndizi, na tulipofika mbili amezila.

Mzee_wa_Ngome
Huyo ni mtoto wa nani?