Tupeane uzoefu: Umeishi na mmisionari, au wewe ndiye uliyetumwa ugenini?

Mwalimu wa Nyegezi

Wakuu, salaam. Kazi yangu hapa Mwanza ni kuwafundisha wageni Kiswahili, na wengi wao ni mapadri, masista na wachungaji wanaokuja kutumika Kanda ya Ziwa. Sasa hivi ninaye padri kijana kutoka Burkina Faso. Darasani ni moto, ngeli anazipanga kuliko Wabongo wengi. Juzi tulikwenda mwaloni Kirumba, soko la samaki, akafanye mazoezi ya kununua sato. Mama mmoja akamwagia maneno kwa kasi ya kwao Ukerewe, yeye akabaki kukodoa macho, mama akasusa: "Huyu anaringa." Njiani akaniambia kwa unyonge, "Mwalimu, mzungu akikosea mnacheka mnamsamehe. Mimi ngozi yetu ni moja, kwa hiyo nikikosea naonekana nina dharau." Miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuliwaza hilo.

Shirika lake ni la Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita Mapadri Weupe. Wengi tunadhani jina limetokana na ngozi, kumbe ni kanzu. Askofu Mkuu Lavigerie alipowaanzisha Algiers mwaka 1868 aliwavisha kanzu nyeupe na joho la watu wa kule, akawaagiza waongee lugha ya watu, wale chakula cha watu, wavae kama watu. La lugha nalishughulikia mimi. La chakula analishughulikia mama lishe wa hapa jirani kwa matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na dagaa. La mavazi ndilo lililopotelea njiani, maana kanzu ya Algeria ilipoingia Bukumbi mwaka 1883, walipojenga misheni yao baada ya kuondoka Buganda, haikuwa vazi la Msukuma yeyote.

Basi naomba visa. Mliolelewa jirani na misheni, mlioishi na wageni hao, na hasa ninyi mliotumwa kwenda kwa watu wengine. Kipi kiliwashinda, kipi mlizoea? Nitamsomea darasani, kwa hiyo matusi hapana.

Dagaa Kauzu

Ngoja nifungue kwa kicheko. Mimi wa kisiwani. Nikiwa darasa la tatu tuliletewa padri mgeni, ana miezi michache tu ya Kiswahili, na Krismasi ikamkuta. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Akafika pale wachungaji wanapotokewa kondeni, akakunja uso, akanyanyua mkono: "Malaika akawaambia, Msioge! Kwa maana nawaletea habari njema ya furaha kuu!"

Wazee wakainama kuficha meno. Katekista akamnong'oneza "msiogope, Padri, msiogope", naye akadhani anatiwa moyo, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: MSIOGE!

Wiki ile nzima hakuna mama aliyemshika mtoto pale kijijini. Ukiitwa ziwani na sabuni unajibu, Padri amekataza. Yeye alipoeleweshwa alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo kila Krismasi alikuwa anatangulia kusema, "Mwaka huu mnaruhusiwa kuoga." Alikaa kwetu miaka mingi sana.

Mtoto wa Nyumba ya Pili

Cheko zuri hilo mkuu, ila si kila kisa kinachekesha. Kanisa silitaji, wenye kulijua watalijua.

Babu yangu alikuwa na wake wawili. Alipotaka kubatizwa akaambiwa achague mmoja. Akabaki na mkubwa, akabatizwa, akaitwa Yohana. Bibi yangu, nyumba ya pili, akarudishwa kwa kaka zake na mama yangu mgongoni. Ng'ombe wa mahari walishaliwa zamani, kwa hiyo kule hakupokelewa kwa vigelegele. Alilima shamba la kuazima mpaka uzee.

Nasikia watu wakisema wale wageni walikuwa wanafuata Biblia. Sawa. Ila mtu uliyetoka kwenu juzi, hujajua nani analisha nani katika boma, unatoa hukumu ya kuvunja nyumba kwa sentensi moja uliyotafsiriwa? Bibi hakubishana na Mungu. Alichouliza maisha yake yote ni kwamba mahari ilitolewa mbele ya watu, wazee walikula, kwa hiyo kosa lake yeye lilikuwa lipi. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Baadaye sana alikuja mama mmoja, muuguzi wa misheni. Huyo alikuwa anakuja jioni, anakaa na bibi kwenye mkeka, wanamenya karanga. Habari za kanisa hagusi. Kisukuma chake alikipatia pale, ndiyo maana alikuwa anaongea kama kikongwe: salamu yake ya "mwadila" ndefu, kisha anauliza habari za mji, za mifugo, za mvua, mpaka mnachoka kujibu. Bibi alikuwa akisema, "Yule ana magoti." Wengine aliwahi kuwaona wamesimama tu.

Bibi hakubatizwa, kabla hamjauliza.

Mwalimu wa Nyegezi

Pole sana ndugu yangu. Hiki nitamsomea kama kilivyo, sitapunguza neno.

Kisesa Kwetu

Mtoto wa Nyumba ya Pili kanifunga mdomo, lakini niseme upande mwingine, maana kwetu Bujora tulipata mtu wa namna yake. Padri David Clement, Mkanada wa Quebec, naye wa hao hao Weupe. Ukifika Bujora leo unaona alichokuwa anakitafuta. Kanisa ni la mviringo kama nyumba ya Msukuma. Altare ina umbo la kiti cha mtemi, na tabenakulo, pale inapowekwa Ekaristi, imetengenezwa kama nyumba ya mtemi, mlangoni ina ngao na mikuki iliyopishana. Yaani kwa Msukuma hakuna haja ya kuelezwa mwenye nyumba ni nani. Pembeni ndiyo hiyo makumbusho ya Wasukuma ambayo watoto wa shule wanapelekwa siku hizi.

Na Bulabo je! Sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita, maandamano yakishapita ndipo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanaingia uwanjani. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na dawa zake na mbwembwe zake, anayevuta umati ndiye mshindi. Marehemu baba alikuwa Mgalu wa kufa. Fikirieni, enzi hizo kuna Wakristo mahali pengine wanatengwa kwa kuonekana tu kando ya ngoma.

Ila msidhani kila mtu alifurahi. Baba alituambia waliompinga Padri Clement zaidi walikuwa Wasukuma wenyewe, wale waliobatizwa mapema. Walishaacha ngoma, walishachomewa hirizi, wameshazoea kuimba kwa kinanda, halafu padri mzungu anakuja kuwauliza babu zao walikuwa wanapigaje ngoma! Mmoja alimwambia, "Padri, haya tuliyatupa kwa ajili yenu." Mimi nikikumbuka sentensi hiyo sijui nicheke au nilie.

Dagaa Kauzu

Wanaocheza na chatu nao walikuwa wanaingia kwenye Bulabo?

Kisesa Kwetu

Chatu wapo, fisi wapo. Njoo mwezi wa sita, usikae mbele.

Sista wa Ng'ambo

Nimesoma kimya siku mbili, leo niandike. Mimi ni mzaliwa wa Sengerema, sista. Shirika lilinituma kusini mwa Ujerumani, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nilikaa miaka sita. Watu hapa nyumbani wakisikia mmisionari wanamwona mzungu mwenye baiskeli. Nikiwaambia nami nilikuwa mmisionari wanasema, "Ulikwenda kusoma, Sista."

Baridi nilitarajia. Sikutarajia chakula cha jioni. Kule jioni ni mkate, jibini, vipande vya nyama baridi, basi. Wiki ya kwanza nilikula nikasubiri. Nikadhani chakula kinakuja. Wenzangu wakaanza kukusanya sahani.

Kubwa lililonitesa ni neno "pole". Sisi tunalo pole la kila kitu: umejikwaa, umechoka, umefiwa, umetoka kazini. Kijerumani hakina. Bibi mmoja wa pale alianguka bafuni, nikamkimbilia, nikamwambia kile nilichofundishwa kuwa ndiyo pole yao. Akanitazama kwa mshangao: "Kwa nini? Kwani wewe ndiye uliyenisukuma?" Kumbe nimemwomba msamaha. Nilikwenda chumbani nikalia, maana nilijiona sina mkono wa kumshikia mtu. Unamwonaje mtu ana maumivu, ukakosa hata neno la silabi mbili?

Kanisani sasa. Jumapili yangu ya kwanza, kanisa kubwa la mawe, watu kama thelathini, kila mmoja na benchi lake. Kinanda kikaanza Utukufu, nami damu ya Sengerema ikapanda, nikapiga kigelegele. Kimoja tu. Hakuna aliyegeuka. Hilo ndilo lililoniogopesha, hakuna hata shingo iliyosogea. Baada ya misa mzee mmoja akanifuata mlangoni, kwa upole kabisa, akaniuliza kama nimeumia.

Mwaka wa kwanza niliwahukumu. Niliandika barua nyumbani kwamba hawa watu imani imewafia. Nasema wazi kwa sababu Mwalimu ana mwanafunzi: niliwahukumu kama vile wale wazungu wa zamani walivyotuhukumu sisi, tena kwa sababu zile zile, sauti na ngoma. Yule mzee wa mlangoni ndiye aliyenibadilisha, bila kunifundisha lolote. Mke wake alikuwa kwetu, amepoteza kumbukumbu, hamjui hata mume. Kila siku saa tisa alasiri anakuja, anaketi, anamshika mkono, saa kumi na moja anaondoka. Hasomi, haongei. Nilimuuliza huwa anafanya nini muda wote ule. Akasema, "Ninasali." Mimi nilikuwa nimezoea sala unayoisikia.

Nilijifunza kukaa kimya. Nilijifunza kupiga simu kabla ya kumtembelea mtu, hodi ya mlangoni kule ni usumbufu. Msiba sikuuzoea. Mtu anafariki, maziko wiki ijayo saa nane, mnakwenda watu kumi na watano, mnakunywa kahawa, saa kumi kila mtu kwake. Nilibaki na mfiwa siku moja mpaka usiku, nikijua ndiyo heshima, mwisho akaniomba taratibu kama naweza kwenda, anataka kupumzika. Hadi leo sijui kama niliaga vizuri.

Nimerudi, na misa ya kuchukua saa tatu na nusu sasa inanichosha. Msinitupie mawe.

Mtoto wa Nyumba ya Pili

Shikamoo Sista. Bibi angekupenda.

Shirati Mpaka Musoma

Kwa ufupi, maana bando linakata. Sisi ni Wamennoni, kanisa la Kiprotestanti. Wamarekani walifika Shirati mwaka 1934. Babu alikuwa hachoki kusimulia uamsho wa 1942. Alisema ndipo alipoona kwa mara ya kwanza mzungu anasimama mbele ya watu anaungama, tena makosa ya kawaida tu, hasira, kujiona bora, na Mwafrika naye anasimama anaungama chuki yake kwa mzungu huyo huyo. Kuoshana miguu kulikuwepo tangu mwanzo, ni desturi ya kanisa, lakini babu alisema mwaka ule maji yalikuwa mengine. Askofu wa kwanza Mwafrika, Zedekia Kisare, alikuja kuwekwa mwaka 1967. Fanyeni hesabu ya miaka wenyewe.

Dagaa Kauzu

Mwalimu, mwambie padri wako asiogope (sijasema asioge). Wageni wa kwanza wa Kianglikana kwetu Ukerewe, Shergold Smith na O'Neill, walikuja mwaka 1877, na Desemba mwaka huo huo wakauawa, walipojikuta katikati ya ugomvi wa mtawala wetu Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Yeye kanuniwa na muuza samaki tu. Arudi kwa yule mama, anunue tena, aanze na salamu ndefu, bei baadaye.

Mwalimu wa Nyegezi

Wakuu, marejesho.

Nilimsomea vyote. Cha Nyumba ya Pili alikaa nacho muda mrefu, akaniomba nimfundishe Kisukuma cha kukaa kwenye mkeka, nikamwambia hicho sina, kina wenyewe. Cha Sista alicheka kwenye mkate, akanyamaza kwenye saa tisa.

Jumamosi tukapata msiba hapa mtaani, nikamchukua aone. Nilikuwa na wasiwasi na watani, maana marehemu alikuwa na watani wakorofi. Kweli, jeneza linatolewa, jamaa wawili wakalala mlangoni: maiti haitoki, tulikuwa tunamdai kuku, lipeni. Mmoja kavaa koti la marehemu, anamwigiza anavyokohoa. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Nikageuka haraka kumweleza padri asije akadhani ni vurugu.

Hayupo. Yuko mlangoni, kachuchumaa mbele ya watani, anapatana nao bei. Kumbe kwao Burkina Faso Wamosi na Wasamo ni watani wa namna hiyo hiyo, mpaka misibani. Akatoa elfu mbili, wakakataa, akawaambia kwa Kiswahili changu cha darasani kwamba marehemu mwenyewe hakuwa na thamani ya kuku mzima, achukueni hii mfungue njia. Uwanja mzima ukalipuka.

Yule mama wa sato alikuwepo, upande wa wanawake. Nimemsikia akimuuliza jirani yake, "Huyu padri ni wa wapi, mbona ana maneno hivi?"